Kikundi: Ukoo wa Kamachumu

Neema 09:41
Shikamooni wazazi. Nimeshuka Termini, stesheni kuu ya treni ya Roma, begi nimeliacha hosteli, naanza kutembea. Bajeti ya leo yuro 20, chakula ndani yake.

Mama Neema 09:43
Marahaba mwanangu. Yuro 20 kwa Roma? Kanga umebeba?

Neema 09:44
Ninayo mkobani. Makanisani wanataka mabega na magoti yafunikwe.

Shangazi Koku 09:50
Maji usinunue njiani, wanauza bei mbaya.

Neema 10:22
Shangazi, sinunui kabisa! Kuna mabomba ya chuma barabarani, wanayaita nasoni, yaani mapua makubwa. Yapo tangu 1874, zaidi ya 2,000 mji mzima, maji yanatiririka mchana na usiku. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu, unakunywa bila kuinama. Ya baridi, utafikiri yametoka mtungini.

Neema 10:23
📷 Picha

Deo 10:25
Dada, kahawa je? Bibi ameuliza kahawa kwanza 😄

Neema 10:31
Ya kwanza nimeumia. Nimekaa mezani karibu na chemchemi ya Trevi, wakanitoza yuro 5. Ya pili nimesimama kaunta kama wenyeji, yuro 1.20. Mkija huku, kahawa inywewe wima.

Baba Mkubwa 10:34
Mwambieni Bibi kwamba Waitalia wengi huchanganya arabika na robusta kwenye hicho kikombe kidogo. Robusta ndiyo hii tunayochuma sisi.

Baba Mkubwa 10:36
Na hayo maji ya Trevi huja kwa njia ile ile ya maji aliyoijenga Agripa, jemadari wa Roma ya kale, mwaka 19 kabla ya Kristo. Imekarabatiwa mara nyingi, lakini bado inaleta maji mjini.

Neema 10:40
Nimesimama pale ukingoni nikiwaza hilo hilo, Baba Mkubwa. Sarafu watu wanazotupa zinaopolewa, zinapelekwa Caritas, shirika la Kanisa la kusaidia maskini.

Shangazi Koku 10:41
Hapo wamefanya la maana.

Neema 11:48
Sasa niko kanisa la San Luigi dei Francesi, hatua chache kutoka Pantheon, lile hekalu la kale la Warumi. Pantheon tiketi yuro 5, nimeiangalia kwa nje. Humu kiingilio hakuna, na kuna michoro mitatu ya mchoraji Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo. Kikanisa kina giza, unatumbukiza sarafu ndipo taa zinawaka. Nimeweka yuro moja. Mathayo yuko mezani na wenzake, hela zimetapakaa, Yesu ananyoosha mkono kutoka gizani, na mwanga unaingia pamoja na ule mkono. Kila mtu kanyamaza. Mara taa tap! zikazimika. Mzee mmoja wa pembeni akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu yake, tukaendelea kutazama.

Mama Neema 11:52
Nimesisimka. Ulitupigia picha?

Neema 11:53
Nimepiga mama, lakini simu haikuushika ule mwanga.

Baba Mkubwa 11:55
Kolosseo hukuingia?

Neema 11:57
Tiketi imezidi mfuko wangu. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure, nitarudi siku hiyo. Kesho alfajiri naenda Mtakatifu Petro, kuingia basilika hailipiwi, ila foleni.

Neema 13:30
Chakula: kipande cha pizza. Unaonyesha kwa mkono kiasi unachotaka, wanakata kwa mkasi, wanaweka kwenye mizani kama nyama buchani. Yuro 4. Nimevuka mto Tiber kwa daraja la Sisto, niko mtaa wa Trastevere.

Deo 13:33
Bibi anauliza umefika kwa Kardinali?

Neema 13:50
Nimefika mlangoni, pamefungwa 😞 Makanisa mengi huku yanafunga mchana. Nasubiri kwenye ngazi.

Shangazi Koku 13:54
Samahani, kwa Kardinali yupi?

Baba Mkubwa 13:58
Rugambwa wetu. Makardinali wengi hupewa kanisa moja la Roma kwa heshima. Yeye mwaka 1960, kardinali wa kwanza Mwafrika, alipewa San Francesco a Ripa. Mtoto wa Kamachumu hii hii.

Deo 14:01
Bibi anasema ndiye aliyempa yeye kipaimara kule Rutabo, wakati huo bado askofu. Anakumbuka uzito wa mkono wake kichwani.

Neema 16:10
Wamefungua. Nimejifunga kanga, nimeingia. Kushoto kuna sanamu aliyoichonga Bernini, Mwenyeheri Ludovica amelala, mkono kifuani. Mikunjo ya nguo yake ni marumaru, lakini unaona kama shuka lililovurugika sasa hivi. Tuko watu wanne tu. Bibi, nimekusalia.

Deo 16:14
Bibi analia kidogo, ila amefurahi. Anasema usiongee, washa sauti tu, asikie humo ndani.

Neema 16:18
🎤 Ujumbe wa sauti 2:10

Deo 16:22
Amesikiliza mara mbili. Anasema kuna mtu anatembea.

Neema 16:23
Ni sista, anapanga maua.

Mama Neema 16:25
Na chaji inatosha kukurudisha hosteli?