PC ya gemu Mbeya: Dell ya ofisini niweke kadi ya grafiki RX 6600, au nijenge mpya?

Mwana_Uyole
Wakuu habari za majukumu. Nataka PC ya gemu, nimebaki na njia tatu. Kuna jamaa Mwanjelwa ana Dell OptiPlex 9020 iliyotoka ofisini, prosesa i5-4590, RAM 8GB. Naichukua halafu naipachika kadi ya grafiki RX 6600. Au nijenge mpya, prosesa i3-12100F na kadi hiyo hiyo. Au prosesa Ryzen 5 5600G yenye grafiki yake ya ndani, bila kadi kwanza, kadi itafuata mambo yakikaa sawa. Mngechukua ipi? Natanguliza shukrani.

fundi_kabwe
Mkuu umeweka prosesa tatu, hela hujaweka. Bajeti shilingi ngapi? Skrini unayo? Unacheza gemu gani? Na hiyo 9020 ni ile kubwa ya kusimama au ile nyembamba? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Kibao_Iringa
Ya tatu. Nimemaliza.

Mwana_Uyole
Milioni moja na laki tatu, ikizidi sana milioni na nusu. Gemu ni EA FC ya mpira na GTA V, mdogo wangu anataka Valorant. Dell ni ile nyembamba.

fundi_kabwe
Nyembamba? Basi RX 6600 haiingii humo hata uisukume kwa goti, inataka kadi za nusu kimo. Pawasaplai yake (kile kiboksi kinacholisha mashine umeme) ni wati 255 na plagi ya mazabodi ni pini 8 badala ya 24, kwa hiyo ya dukani haichomeki hivi hivi. RX 6600 peke yake inakula wati 132 na inadai waya wake wa umeme, ambao Dell hiyo haina. Ukiing'ang'ania weka GTX 1650 ya nusu kimo isiyotaka waya wa ziada.

Halafu hiyo i5 ina viini 4 na nyuzi 4, yaani inafanya kazi nne tu kwa mpigo. Hata ingekubali kadi kubwa, kadi ingekuwa inakaa kuisubiri prosesa. Na Windows 11 haiitambui rasmi. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa ndani ya mashine. Mdogo wako atalia.

Kibao_Iringa
Ndiyo maana nikasema 5600G. EA FC inacheza bila kadi, unashusha tu mipangilio ya picha.

ryzen_tupu
5600G ni mtego kama mpango ni kuja kuweka kadi. Kashe yake (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ni 16MB, 5600 ya kawaida ina 32MB, na kwenye gemu inaonekana. Chukua 5600, RX 6600, mazabodi ya B450 au B550. Baadaye unachomeka 5800X3D, prosesa kali zaidi, hapo hapo bila kubadili mazabodi.

Kibao_Iringa
Hela ya 5800X3D ataitoa wapi mtu wa milioni na laki tatu? Hiyo "baadaye" yenu huwa haifiki. Ila hata mimi nasema RAM iwe mbili za 8, si moja ya 16. Grafiki ya ndani inakopa RAM, ukiweka kijiti kimoja unaikaba koo.

Mkwawa_Gamer
Mnabishana prosesa, mimi niongelee kadi. Niliagiza RX 580 ya 8GB Kariakoo kupitia mtu, ikaja kwa basi. Boksi safi, nailoni ya mapovu, feni zinang'aa kama jana imetoka kiwandani. Kuigeuza nyuma, skrubu nne zinazoshika kipoza joto vichwa vimechubuka, na pembeni ya chipu za kumbukumbu kuna mafuta mafuta ya zile padi za joto. Nikaiwasha. GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ikasoma shader (vile vitengo vya kuchora picha) 2048. RX 580 halisi ina 2304! Kumbe kuna toleo la 2048SP, kiukweli ni RX 570 iliyovalishwa jina la kaka yake. Nikasema sawa, nitaishi nayo. Gemu ikianza tu, skrini nyeusi. Fundi akakuta ina BIOS (programu ya ndani ya kadi) ya kuchimbia Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni. Uchimbaji ule ulikoma Septemba 2022 na kadi zake zikamwagika sokoni, nyingine ndizo tunazouziwa kama "imetumika kidogo". Muuzaji akanijibu "bosi, kwangu iliwaka", na namba haikupatikana tena. Kadi ya mtumba usiilipie kabla hujaiona ikicheza gemu nusu saa nzima.

Baridi_Njombe
Hela hiyo chukua PS4 na pedi mbili, chenji inabaki. Mateso yote ya nini?

ryzen_tupu
Mtu kauliza PC, mnamletea PS4.

Baridi_Njombe
Anacheza EA FC! Ila kama ni PC, asipoteze hela kwenye vipoza joto. Baridi yetu huku inatosha.

fundi_kabwe
Baridi ya Juni haiponyi pawasaplai feki. Mwana_Uyole, hiyo ndiyo hujaitaja kabisa. Ile inayokuja na kasha usiiamini. Soma karatasi ya ubavuni, mstari wa +12V, ndio unaolisha kadi na prosesa. Nimeshika moja juzi, nje imeandikwa 500W kwa maandishi makubwa, +12V ni 18A. Zidisha 12 kwa 18: wati 216. Toa 132 za kadi, toa na za prosesa, umebakiwa na nini? Afadhali ushuke kwenye kadi kuliko kubana hapo. Na UPS, ile betri ya akiba? Umeme ukicheza cheza jioni unafanyaje?

Mwana_Uyole
UPS sina. Skrini pia sina, nilidhani nitatumia TV ya sebuleni.

fundi_kabwe
Si nilikuuliza skrini mwanzoni kabisa! Na UPS inatoka kwenye hiyo hiyo milioni moja na laki tatu?

Kibao_Iringa
5600G. Narudia.

Mkwawa_Gamer
TV weka kwenye Game Mode, la sivyo picha inachelewa, unabonyeza kupiga na beki ameshachukua mpira.

Baridi_Njombe
Nina skrini ya inchi 24, 75Hz, haina mkwaruzo. Natuma kwa basi hadi Mbeya.

ryzen_tupu
Hapa si sokoni mkuu.

fundi_kabwe
Ina HDMI? Bei gani?