Redio kol kwenye msafara wa magari, mbona hazifiki mbali?

Mtoa mada: Wakuu habari za jioni, Jumamosi tupo gari sita Mwanza kwenda Musoma, safari iliyopita tulipoteana baada ya Magu, mwenzetu akafika Bunda peke yake sisi bado tunamtafuta. Nimenunua redio kol za mkononi wati 5, boksi inasema kilomita 10 ila ndani ya gari hata 2 hazifiki. Shida nini?

SatoWaKirumba: Mkuu hizo 10 ni mkiwa mnaonana bila kizuizi. UHF, yaani aina ya mawimbi ya redio hizo, inaenda kwa mstari ulionyooka, na bodi ya gari ni chuma inazuia mawimbi, tafuta antena ya sumaku ubandike juu ya paa waya uingie ndani, ila hakikisha kichwa chake kinaingia kwenye redio yako. Mjini kwenye majabali usizitegemee sana.

DadaIgoma: Masafa (frikwensi) mnayotumia yawe na kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, jamani, msijipangie tu. Halafu bonyeza kitufe, subiri kidogo ndo uongee, la sivyo neno la kwanza linakatika, unasema "usipite" wa nyuma anasikia "pite"! Redio ashike wa pembeni sio dereva.

Mtoa mada: Hiyo ya "pite" imenitisha kweli. Asante dada, kesho naenda kutafuta antena.