Naomba ushauri: kusahihisha sentensi kila asubuhi

Wazazi wenzangu, habari zenu. Nafundisha wanangu wawili nyumbani hapa Nairobi, wa miaka 9 na 7. Kila asubuhi kabla ya chai naandika ubaoni sentensi moja yenye makosa, wao wanasahihisha. Jana ilikuwa "viatu yangu imechafuka". Mkubwa akafuta, akaandika "viatu vyangu vimechafuka", bila kusaidiwa. Nilifurahi sana! Dakika kumi baadaye namsikia anaita, "Mama, kikombe yangu iko wapi?"

Ngeli za viumbe ndizo zinanitesa zaidi. Aliandika "kifaru kikubwa kinakunywa maji", nikamweleza kwamba mnyama huchukua upatanisho wa mtu: kifaru mkubwa anakunywa. Akaniuliza, basi mbona tunasema "rafiki yangu" na si "rafiki wangu"? Nilikosa jibu la kumtosha mtoto.

Huyu mdogo naye ananitia wasiwasi, maana juzi nimekuta amenakili daftarini sentensi yenye kosa kama ilivyo. Je, kwa umri wake nimwonyeshe sentensi sahihi tu kwanza? Na mliofaulu kuhamisha usahihi kutoka ubaoni hadi mdomoni, mlifanyaje?