Tupeane uzoefu: kupima HPV na kuzuia saratani ya mlango wa kizazi hapa Nairobi

Nesi_Eastlands: Wenzangu wa kliniki na maabara, tuweke hapa yale ya kazi ambayo mabango hayasemi. Naanza na swali la kila mara: "Mimi nilichanjwa, nipimwe ya nini?" HPV ni virusi vinavyosababisha saratani hii, na vina aina nyingi zinazoitwa kwa nambari. Chanjo ya aina nne inakinga aina ya 6, 11, 16 na 18. Aina ya 16 na 18 ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani, kwa hiyo kinga hiyo ni kubwa. Lakini kuna aina ya 35, inayoonekana zaidi kwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara kuliko kwingineko, na hata chanjo ya aina tisa haina. Aliyechanjwa akifika miaka 30 apimwe kama wenzake. Tukimwambia ameshamaliza, tumemdhulumu.

MaabaraTu: Nakazia hapo. Mashine ya GeneXpert, ile ile ya TB, inasoma aina 14 kwa muda wa saa moja hivi, lakini inazifunga kwa mafungu. 16 iko peke yake, 18 na 45 pamoja, halafu 31, 33, 35, 52 na 58 zote fungu moja. Kwa hiyo usimwambie mama "una 35", mashine haijasema hivyo. Andika fungu lenyewe, si "chanya" tu, maana mwenye 16 ndiye wa kufuatiliwa kwanza.

Jibu likirudi batili, mara nyingi seli zilikuwa chache. Mashine hutafuta pia jeni ya binadamu kwenye sampuli, na isipoiona haiwezi kusema "hasi". Anayejichukulia sampuli mara nyingi huzungusha brashi karibu na nje tu. Aiingize taratibu hadi igote, aizungushe, kisha aikoroge vizuri ndani ya chupa. Nasi maabara tutikise chupa kabla ya kuchukua mililita 1, kwa sababu seli hutulia chini. Akiwa kwenye hedhi, mpe tarehe nyingine.

Tabibu_Kasarani: Kwenye VIA, yaani kupaka asidi asetiki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kwa macho, makosa ni mawili. Kwanza dawa: mililita 5 za asidi asetiki kali kwenye mililita 95 za maji safi, ichanganywe siku hiyo hiyo. Mtu akisahau kuzimua, anamuunguza mgonjwa. Pili haraka: subiri dakika 1 kamili kwa saa. Doa la kutibiwa ni jeupe zito, lenye ukingo unaoonekana wazi, na limegusa mpaka ambapo ngozi ya nje ya mlango wa kizazi inakutana na ile ya ndani. Kwa aliyekoma hedhi mpaka huo umeingia ndani, VIA haikufai, tumia HPV.

Kuchoma doa kwa joto ni nyuzi 100, sekunde 20 hadi 30. Doa likiingia ndani ya mlango, au likipita robo tatu ya mlango wa kizazi, usichome, mpe rufaa sehemu hiyo ikakatwe kwa waya wa umeme. Ukishuku saratani, usiguse kabla ya kuchukua kinyama cha kupima. Mwambie mapema kwamba majimaji yatatoka kwa wiki kadhaa, na asifanye tendo la ndoa kwa wiki 4. Homa, harufu mbaya au damu nyingi, arudi siku hiyo. Kipimo cha marudio ni baada ya miezi 12.

Mshauri_CCC: Wanaoishi na HIV hatari yao ya saratani hii ni kama mara 6 ya wasio nayo. WHO inashauri waanze kupimwa miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Tukiunganishe kipimo na siku ya kuchukua ARV, mama asilipe nauli mara mbili.

Nesi_Eastlands: Na mabinti? Chanjo ilianza nchini Oktoba 2019 kwa wa miaka 10, dozi mbili. Utafiti wa KEN SHE uliofanyika Nairobi, Thika na Kisumu ulionyesha kuwa dozi moja inakinga 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18. Lakini waliochunguzwa hawakuwa na HIV. Binti mwenye HIV asiachiwe dozi moja.

Mshauri_CCC: Na chukueni nambari ya simu anayoishika mwenyewe. Ujumbe useme "njoo kliniki" tu. Wengi wakiona HPV wanadhani ni HIV, na simu ya nyumbani inasomwa na yeyote.