Naomba ushauri: dodoso kwa wanaotumia dozi ndogondogo za saikedeliki

Habari zenu wanajamvi. Naandaa maswali ya mahojiano na watu wanaotumia saikedeliki (kemikali zinazobadilisha hisia na fahamu), yaani LSD au uyoga wa psilosaibini, kwa takriban sehemu 1 kwa 10 ya dozi ya kawaida, wengi wao siku 1 kisha mapumziko siku 2.

Kinachonikwamisha ni neno. Ukiuliza "unatumia dawa za kulevya?" wanakana, na hawadanganyi: kwao, kulewa ni kukosea kipimo. Nimejaribu "dawa", wote wakajibu kama wagonjwa, hata anayetafuta umakini kazini tu. Kutaja kemikali yenyewe kumesaidia kidogo.

Je, neno gani halihukumu wala halisifii? Na swali la "unajionaje" litangulie yale ya kipimo? Nahofia likifuata, mtu atakuwa ameshaanza kujitetea.