Kukamatwa kwa Scottie Scheffler: je, shangwe za mashabiki zilistahili?

Swali: Tarehe 17 Mei 2024, polisi wa Louisville, Marekani, walimkamata Scottie Scheffler, mchezaji gofu namba moja duniani, alipokuwa akiingia uwanja wa Valhalla kwa raundi ya pili ya PGA Championship, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani. Saa chache baadaye, akiwa ameachiliwa, alimaliza raundi hiyo kwa mapigo 66, huku baadhi ya mashabiki wakivaa fulana za kudai aachiliwe. Je, shangwe hizo zilifaa?

Jibu: Hapana, ndugu. Alfajiri ileile mfanyakazi wa mashindano aligongwa na basi akafariki, na msongamano uliotokana na ajali hiyo ndio uliozaa mkasa wote.

Jibu: Scheffler mwenyewe aliitolea familia ya marehemu pole. Mashabiki walipinga shtaka zito alilofunguliwa la kumshambulia askari, na mashtaka yote yalifutwa tarehe 29 Mei.

Muulizaji: Nashukuru. Hata hivyo, fulana zingesubiri mazishi.