MJADALA: Je, Walutheri wanakosea kumnyima mgeni Meza ya Bwana?

Mzee wa Mamboleo, Kisumu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nauleta mjadala huu kwa sababu kila mara unazungumzwa baada ya matanga na harusi, watu wakishatoka kanisani, kwa uchungu, na wale wanaolaumiwa wakiwa hawapo. Afadhali tuseme wazi hapa.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Kenya, pamoja na Walutheri wengine duniani wanaoyashika maungamo ya kale, huwapa Chakula cha Bwana wale waliobatizwa, wakafundishwa katekisimo, na wanaoikiri imani hiyo. Mkwe wako Mwangilikana, binamu yako Mkatoliki, shangazi yako Msabato, hao huombwa wabaki vitini, au waje mbele kupokea baraka bila mkate wala kikombe. Je, huo ni ubaguzi?

Mimi ni mzee wa kanisa na msimamo wangu nausema mapema: meza ibaki imefungwa. Ila naamini pia kwamba tunaifunga vibaya, na ubaya huo ndio unaowafanya watu wasisikie tunachokiri.

Kwanza tuondoe hoja moja. Husemwa kwamba haya yaliletwa na wamisionari wa Swedeni waliofika Itierio, Kisii, mwaka 1948. Si kweli. Mnamo mwaka 150 hivi, Yustino, yule aliyekuja kuuawa kwa ajili ya imani, alimwandikia Kaisari wa Roma kwamba chakula hiki hakuna anayeruhusiwa kukila isipokuwa anayeamini mafundisho yetu na aliyebatizwa. Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri wa Ujerumani lililosomwa mbele ya Kaisari Charles wa Tano tarehe 25 Juni 1530 linasema katika ibara ya 25 kwamba si desturi kwetu kuwapa mwili wa Bwana watu ambao hawajahojiwa kwanza na kutangaziwa ondoleo la dhambi. Angalieni vizuri: hapo hazungumziwi mgeni. Ni Mlutheri mwenyewe anayehojiwa. Desturi hii ilianza kwa kuwalinda watu wa nyumbani, na mgeni akaingia ndani ya ulinzi uo huo.

Kiini chenyewe ni nini? Tunaamini kwamba mwili na damu ya Kristo vimo kweli katika mkate na divai, vinatolewa na kuliwa kwa kinywa. Imani ya anayekula haivileti wala haiviondoi. Neno la Kristo ndilo linalovileta. Kwa hiyo hata asiyeamini akija anapokea mwili uleule, ila kwa hasara yake. Paulo alikwisha kuandika katika 1 Wakorintho 11:29 kwamba alaye bila kuupambanua mwili hula hukumu ya nafsi yake. Kama meza hii ingekuwa kumbukumbu tu, mimi ningekuwa wa kwanza kusema kila mtu aje, maana kukumbuka hakumdhuru mtu.

Jambo hili ndilo lililowatenganisha Luther na Zwingli, kiongozi wa mageuzi ya kanisa Uswisi aliyesema mkate ni ishara tu, kule Marburg, Ujerumani, Oktoba 1529. Watawala wa Kijerumani walitaka sana wapatane, maana umoja wao ulikuwa na faida ya kisiasa. Luther aliandika kwa chaki mezani maneno ya Bwana, huu ni mwili wangu, akakataa kuondoka hapo. Mwishoni walitia sahihi hoja 15, na katika ya mwisho wakakiri bila kuficha kwamba hawajaafikiana kuhusu mwili na damu ya kweli katika mkate na divai. Nawaheshimu wote wawili kwa kutojifanya wamekubaliana. Baadaye, mwaka 1817, mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani, aliamua kuwaunganisha Walutheri na Wareformati, yaani wafuasi wa mageuzi yale ya Uswisi, kwa amri yake, na miaka iliyofuata wachungaji waliokataa walifungwa jela. Mwaka 1838 kundi moja likapanda meli hadi Australia Kusini. Watu hawaihami nchi yao kwa sababu ya kiburi cha dhehebu.

Najua huku kwetu hali ni nyingine. Wakwekeri walifika Kaimosi 1902, Waangilikana Maseno na Waadventista Gendia 1906, Wakatoliki nao walikuwa wamekwisha kuingia. Leo boma moja lina makanisa manne. Ndiyo maana swali hili linauma zaidi hapa kuliko linavyouma mahali ambapo kijiji kizima ni cha kanisa moja. Karibuni.

Dada wa Section 58, Nakuru

Mzee, shikamoo. Nimesoma yote kwa makini na nina donge moyoni, nitalisema.

Mimi ni Mwangilikana, mume wangu ni Mlutheri. Siku ya kipaimara cha kijana wetu, katika kanisa ambalo sitalitaja, nilipiga magoti madhabahuni pamoja na familia. Hakuna aliyenifundisha lolote kabla ya siku ile, hata tangazo halikutolewa. Mchungaji alifika kwangu, akaniuliza kwa sauti mimi ni wa kanisa gani, akapita. Mtoto wangu alikuwa kando yangu amekula kwa mara ya kwanza maishani, na akaona mama yake amerukwa. Alipouliza jioni, mimi nimjibu nini? Kwamba mama yake haamini?

Sasa hoja. Kasisi wetu anapotoa mkate husema ni mwili wa Bwana wetu Yesu Kristo, nami huitikia Amina. Nimebatizwa kwa jina la Utatu kama ninyi. Na tena Yesu mwenyewe alimpa Yuda. Kama Bwana hakumruka Yuda, ninyi mmepata wapi ruhusa ya kuniruka mimi?

Mwalimu mstaafu, Vihiga

Habari zenu. Mimi ni wa Marafiki, hao mnaowaita Wakwekeri. Sisi hatuna mkate, hatuna divai, hatuna hata maji ya ubatizo. Nimekaa katika ibada nyingi za Kilutheri kwa sababu dada zangu wawili waliolewa Kisii, na watu wanapoenda mbele mimi hubaki kimya kitini nikiomba. Sijajisikia kufukuzwa hata mara moja. Kwa kweli naona ni heshima: hawanilazimishi kutenda nisichokiamini ili picha ya familia ipendeze.

Ila Mzee hoja yako ina pengo. Unasema sababu ni kuamini kwamba mwili umo kweli. Mkatoliki anaamini hivyo, pengine kwa nguvu kuliko ninyi. Mbona naye mnamwacha nje?

Kijana wa Njoro

Mimi ni Mlutheri, niko chuoni. Nina mambo mawili.

Paulo amesema katika sura ileile, aya ya 28, "mtu ajihoji mwenyewe". Mwenyewe! Si mchungaji amhoji.

La pili ni zito zaidi. Kule kwetu kuna mtu anayejulikana kijiji kizima kwa kumpiga mkewe. Kila Jumapili ya sakramenti yuko mstari wa mbele, na hakuna anayemgusa kwa sababu harambee ya mabati aliitoa karibu nusu. Halafu mama mcha Mungu wa Kianglikana anaambiwa asubiri kitini. Kama ibara ya 25 inazungumzia watu wa nyumbani, kama ulivyosema mwenyewe, basi anzeni nyumbani.

Mwinjilisti, Nyamira

Kijana, kuhusu aya ya 28: ni kweli mtu ajihoji mwenyewe, na hakuna mchungaji awezaye kuona moyo. Lakini Paulo huyohuyo anawaita watumishi mawakili wa siri za Mungu, na wakili anadaiwa hesabu ya alichokabidhiwa. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Mimi nilipofundishwa, watu walikuja kwa mchungaji kabla ya Jumapili ya sakramenti wakaandikisha majina, wakaongea naye. Mwenye ugomvi na jirani aliambiwa apatane kwanza. Siku hizi naona sehemu nyingi jambo hilo limekufa. Linabaki swali moja tu, la dhehebu, nalo linaulizwa madhabahuni penyewe kama alivyofanyiwa dada yetu wa Nakuru.

Mzee wa Mamboleo, Kisumu

Marahaba, binti yangu, na pole sana. Ulichofanyiwa ni kosa la mchungaji, na sitalipamba. Ilimpasa afike nyumbani kwenu wiki ile ya kipaimara, anywe chai, akueleze wewe na mumeo, na kijana akiwa anasikia. Kumhoji mtu akiwa amepiga magoti si ulinzi wa sakramenti.

Lakini hoja zako zinastahili jibu na sio pole peke yake. Kuhusu Yuda: nakubali, Luka anamweka mezani. Na hiyo ndiyo imani yetu hasa, kwamba asiyestahili hupokea kweli, na tazama mwisho wake. Ila mle chumbani Bwana hakuwaita wale 5,000 aliowalisha mkate na samaki. Aliwaita wale aliokuwa amewafundisha, Yuda akiwemo. Dhambi ya Yuda ilikuwa imefichika kwa wenzake wote; hakuna mchungaji anayeagizwa kuisoma dhambi iliyofichika.

Kuhusu kasisi wako, sina shaka kwamba anayasema maneno hayo kwa uchaji. Lakini katika zile Ibara 39 za Kianglikana, zinazoeleza imani ya kanisa lenu, ya 28 inasema mwili wa Kristo huliwa kwa namna ya mbinguni na ya kiroho tu, na ya 29 inasema waovu hawaushiriki mwili huo, ingawa wanaitafuna ishara yake. Sisi tunakiri kinyume chake kabisa. Sisemi wewe huamini. Inawezekana kabisa moyoni mwako unaamini kama mimi. Ila madhabahu uliyojiunga nayo inakiri hivyo hadharani, na mtu anapokula anaikiri imani ya madhabahu ile.

Hapo ndipo jibu la Mwalimu lilipo. Umeliona pengo, nami nalijaza. Kuamini uwepo wa mwili ni sharti, lakini si sharti peke yake. Paulo anasema kwamba kwa kuwa mkate ni mmoja, sisi tulio wengi tu mwili mmoja. Kula pamoja ni kusema kwamba tumekubaliana katika Injili yenyewe. Na Mkatoliki hajakubaliana nasi kuhusu misa kuwa sadaka, wala kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani pekee. Kanisa lake nalo huifunga meza, na sijasikia matangani mtu akimwita padre mbaguzi kwa hilo. Nisiwafiche pia kwamba Walutheri wengi wa Ulaya waliamua vingine: kwa Makubaliano ya Leuenberg ya mwaka 1973 wanashiriki meza na Wareformati. Mimi naona walilipitia swali la Marburg bila kulijibu.

Kijana, kuhusu yule mpiga mke: umesema kweli na inaniuma kama mzee wa kanisa. Huyo ndiye wa kwanza kuzuiliwa hadi atubu na mkewe awe salama, hata kama ametoa mabati yote ya paa. Tukimwogopa, hatuna kinywa cha kumwambia Mwangilikana lolote. Baraza la wazee lipo kwa kazi hiyo.

Napendekeza basi: kwenye ibada ya mazishi, ambako nusu ya waombolezaji ni wa makanisa mengine, tusiandae Chakula cha Bwana kabisa. Mazishi hayakidai. Wafiwa wapewe sakramenti nyumbani au Jumapili inayofuata.

Kijana wa Njoro

Hilo la mazishi silikubali, Mzee. Mjane wa Kilutheri siku ile ndiyo siku anayohitaji mwili wa Kristo kuliko zote. Umnyime ili wageni wasijisikie vibaya? Hapo umeacha hoja ya ungamo ukaingia hoja ya adabu.

Mwinjilisti, Nyamira

Namuunga mkono kijana. Mjane aipokee sakramenti asubuhi na mapema nyumbani, kabla maiti haijatolewa, pamoja na wanawe waliofundishwa. Nimeona ikifanyika hivyo, na mchungaji aliyelala kwa wafiwa usiku wa kuamkia mazishi alipata nafasi ya kuongea na ndugu wa makanisa mengine wote.

Mzee wa Mamboleo, Kisumu

Nakubali. Asubuhi nyumbani ni bora kuliko Jumapili inayofuata.

Dada wa Section 58, Nakuru

Mzee, asante kwa kunijibu kama mtu mzima. Bado sikubali. Unasema naikiri madhabahu yangu, lakini ibara hiyo ya 29 sijawahi kuisikia ikitajwa kanisani kwetu, na mimi sijaitia sahihi popote. Mnanihukumu kwa karatasi ambayo hata kasisi wangu pengine haikumbuki. Nitamuuliza Jumapili hii anachoamini kuhusu ibara hiyo, nije niwaambie. Akisema anaamini kama ninyi, nitataka kujua mtafanya nini nami.

Mzee wa Mamboleo, Kisumu

Muulize, binti yangu. Na ukirudi na jibu, njoo na mumeo tulipeleke kwa mchungaji wenu wa Kilutheri pamoja, mimi nitapanda matatu hadi Nakuru. Akisema anaamini kama sisi, swali litakalofuata litakuwa zito kwake kuliko kwako.